Leo Hakuna "Umejuaje"

Yasinta aliwapokea wageni akiwa na pipi mbili mdomoni, moja kila shavu, kwa amri ya mama yake.

"Zikiisha, zipo nyingine," Luciana alimnong'oneza. "Leo sitaki kusikia 'umejuaje' humu ndani."

Msimcheke huyo mama. Na wewe mwenye binti, usome mpaka mwisho. Yasinta alikuwa mwalimu wa sayansi pale Ilongero, na sayansi ilikuwa imempanda kichwani. Ukimwambia mvua itanyesha, anauliza umejuaje. Mchumba wa kwanza alijisifu kuwa ana ng'ombe wengi. Yasinta akataka kwenda kuwaona. Wa pili, Peniel, aliapa kwamba hajawahi kupenda mwingine. Akaombwa ushahidi. Yule kijana alipanda bodaboda hata soda hajamaliza. Wenzake Yasinta sasa wanapeleka watoto shule, yeye bado anauliza.

Basi mwenyekiti wa kijiji alipopiga simu kwamba kuna msomi wa Dodoma na kijana wake wanakuja kwao kuomba, Luciana hakungoja maelezo. Alifagia uwanja, akamkamata kuku aliyekuwepo, akamchinja na kubandika sufuria mapema, maana kuku wa kienyeji haivi kwa kubembelezwa.

Msomi alikuwa mzee mwenye mvi, Daktari Leonidas. Kijana aliitwa Shukuru, mrefu, shati limenyooka. Waliacha boksi mlangoni, wakakaa.

"Fikamoo," Yasinta alisema kwa pipi zake.

"Marahaba, mwanangu." Mzee alimgeukia Amosi, baba wa Yasinta. "Mzee mwenzangu, tumezunguka kata nzima. Kila tulikouliza tumeelekezwa hapa. Tumesikia kwenu kuna mtetea asiye na mfano."

Amosi alijipiga paja kwa furaha. Msomi mzima, na bado anajua kwamba binti haombwi kwa jina!

"Yupo, yupo," alisema. "Ila tumemlea kwa taabu."

"Tumesikia. Tunaomba kwenda naye Dodoma. Atatunzwa vizuri. Tutaanza na kupima damu."

"Hata kanisani siku hizi wanataka hivyo," Luciana alidakia.

"Na ukoo wake? Huwa wanaugua?"

"Ugonjwa wa ukoo huu ni ukaidi tu," Amosi alijibu.

Wageni walicheka. Muda wote macho ya Shukuru yalikuwa nje, uani. Luciana aliipenda sana aibu hiyo. Kijana wa heshima, hamkodolei binti wa watu macho.

"Na Mungu akijalia vifaranga," Daktari aliendelea, "nanyi mtaletewa."

"Vifaranga!" Amosi alicheka mpaka akafuta machozi. "Mama Yasinta, unamsikia mwenzetu?"

Yasinta alimeza pipi. "Samahani, naomba kuuliza..."

Luciana akamfinya. "Ana kikohozi, baba."

"Mwacheni aulize," alisema Daktari Leonidas. "Kazi yetu sisi ni kushuku. Nikiambiwa jambo, siamini mpaka nilione. Nikiliona, naanza kujishuku mwenyewe: je, nimeona sawasawa? Asiyeuliza hatufai."

Luciana aliuona mtego huo toka mbali. Ndivyo wanavyowapima wake!

"Huyu hana swali, baba. Hapa kwetu tunaamini tu." Akamvuta binti yake mpaka jikoni.

"Mama," Yasinta alisema huku akipakua, "lile boksi lao ni tupu."

"Umejuaje?" Neno lilimtoka Luciana kabla hajalikamata.

"Nimelinyanyua. Halafu hakuna mtu aliyetaja jina langu."

"Tangu lini posa ikataja jina? Mwanangu, nakuomba. Mimi nazeeka. Nikiondoka, nikuachie nani? Hayo maswali yako ndiyo yatakuchotea maji?"

Alijifuta macho kwa kanga. Alijifanya ni moshi. Yasinta alimtazama kidogo, kisha akanyoosha mkono mwenyewe, akachukua pipi nyingine.

Ugali wa uwele ulikuja unafuka moshi, na kuku kwenye bakuli kubwa, mchuzi umemfunika. Daktari Leonidas alikula bila kuuliza kitu. Alivunja mifupa, akainyonya, akalamba vidole, akasema hajapata kula kuku mtamu kama huyu. Firigisi, kama ilivyo heshima, aliwekewa yeye.

Amosi alinawa mikono. "Mimi baba wa nyumba hii nimekubali. Mchukueni kwa amani."

Luciana alishindwa kujizuia. Alipiga kigelegele kirefu, na jirani mmoja akaitikia ng'ambo ya ua. Shukuru alishtuka, lakini mzee wake alitabasamu tu, akaitupia firigisi mdomoni na kuanza kuitafuna taratibu.

"Tunashukuru sana," alisema. "Wengine tukiwaomba wanatufukuza kwa fimbo, nyinyi mnatupigia vigelegele! Sasa, mama, tuleteeni huyo mtetea tuondoke naye. Ugonjwa wa kideri umefagia kuku wa kijiji kizima, ukamshindwa huyo mmoja wa kwenu. Lazima damu yake ina kitu."

Luciana alikuwa anatazama bakuli.

"Samahani, Daktari," Yasinta aliuliza polepole, na safari hii hakufinywa, "hiyo firigisi unayotafuna, unadhani ni ya nani?"