Sindano ya Tatu ya Bi Mwanatime

Siku hizi sheria ni moja: hachomwi mtu sindano akiwa peke yake. Asiye na wa kumshika mkono, zahanati humvisha glovu inayoshika kama yule amtakaye, hata kama mwenyewe yuko kaburini.

Bi Mwanatime, muuza maandazi wa Tanga, alikuwa na ganzi ya kiganja. Mara mbili mashine ya picha ilikwishaongoza sindano hadi kando ya neva iliyobanwa kwenye kifundo cha mkono, na mara mbili marehemu mumewe, Hamadi, akamminya vidole kwa ile miminyo yake miwili ya kudai chai.

Leo Daktari Shekue alitazama kioo cha mashine, akacheka. "Bibi, neva ilivimba kama andazi, sasa imekonda kama tambi. Umepona."

"Tazama vizuri, mwanangu. Vikombe vinaniponyoka."

"Picha haidanganyi. Pasipo uvimbe, mashine haitoi sindano."

"Sindano baki nayo. Nipe glovu tu."

"Glovu haiji bila sindano. Au Bibi unakuja kuchumbiwa hapa?"

"Nilishachumbiwa, nikaolewa. Ninachotaka ni kuambiwa nimimine chai."

Kicheko kikamfia daktari mdomoni.

Nyumbani, Bi Mwanatime aliichomoa kwenye umeme mashine ya kukandia unga aliyonunuliwa na wanawe. Akamwaga unga wa siku tatu kwenye beseni, akapandisha mikono ya gauni, akakanda mpaka alasiri. Kidole cha kati kilipoanza kufa ganzi, akatabasamu, akaongeza unga.