Shule ya Chumba cha Ndani

"Tena," alisema Nyota. "Toka mwanzo."

Aziza alifumba macho, akaianza Fatiha upya. Kwenye aya ya sita ulimi ukamteleza. Mtoto wa miaka kumi, na Fatiha bado inampiga chenga. Nyota alimeza hasira, akamrudisha nyuma. Muda wa kubembelezana haukuwepo. Jirani alikuwa amempasha habari tangu asubuhi: Feruzi, yule mtu wa chama aliyehamishiwa mtaani majuzi, anapita nyumba kwa nyumba kuuliza kwa nini watoto fulani hawaonekani shuleni.

Naye Nyota alikuwa ameapa kwamba Aziza hataikanyaga shule ile. Asubuhi watoto huimba na kucheza kumsifu Kiongozi, kisha mwalimu mpya huwauliza, kwa upole kabisa, jana baba alisema nini wakati wa kula. Mwalimu wa zamani, Cyprien, alikataa kuwafutia wanafunzi majina yao ya ubatizo. Askari walimchukua yeye na mkewe mchana kweupe. Binti yao, watu walinong'ona, alikimbiziwa Bengamisa kwa bibi yake. Tangu hapo mtaa mzima ulijifunza kufunga mdomo.

Kwa hiyo Aziza alisomea nyumbani: kusoma, hesabu, na dini kuliko vyote. Hakutoka uani, na hata chakula alipelekewa chumba cha ndani. Asumani, mume wa Nyota, fundi wa kushona nguo sokoni, alinung'unika kwamba mambo haya yatawatokea puani. Nyota alimjibu kwamba akiogopa ahamie kwenye cherehani yake.

Feruzi alifika alasiri, abakosti yake, lile koti la watu wa chama, imepigwa pasi, beji ya chama kifuani. Alikaa bila kukaribishwa.

"Mama Nyota, huyu mutoto hatumuonake ku masomo. Iko mugonjwa?"

"Hapana, citoyen," alijibu Nyota, akimwita mwananchi kama chama kilivyoagiza. "Aziza alilelewa Ubundu, kwa shangazi yake. Dini alikuwa hajui kitu. Miye mwenyewe niko namufundisha kwanza."

"Bon. Miye pia nilizaliwa na Waislamu. Asome Fatiha, nisikie."

Aziza alisimama, akafumba macho, akaanza. Aya ya sita ikapita. Ya saba ikapita. Sauti haikutetemeka hata kidogo.

Feruzi alitabasamu. "Anajua. Alors, amalize dini, kisha aende ku masomo kama wenzake."

Nyota aliinuka kwa furaha. Angeweza kumsindikiza mgeni mlangoni hapo hapo, mambo yakaisha. Lakini katika nyumba ya watu wa heshima mgeni haondoki na njaa, na siku hiyo Nyota alitaka heshima yake ionekane. Akaleta sinia la wali, sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kukaushwa.

Feruzi alinawa, kisha akageuka kumtafuta mtoto, ambaye alikuwa ameshaanza kurudi ndani.

"Kuya, Aziza. Mwanafunzi muzuri akule na sisi."

Nyota alitafuta sababu ya kukataa, hakuipata. Mtoto akaja, akakaa mkekani mbele ya sinia.

"Bengamisa tulifika," alisema Feruzi, akikanda tonge lake taratibu. "Ile mutoto ya Cyprien haiko kule. Bibi yake analia tu. Lakini tutamupata. Baba yake akimuona, ataongea."

"Bismillahi," alisema Nyota haraka, kwa sauti, macho yake kwa Aziza. "Tukule."

Aziza aliinamisha kichwa mbele ya chakula. Mkono wake wa kulia ulipanda mpaka kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, ukaenda bega la kushoto, kisha la kulia.