Samli Haikuyeyuka

Sheria ilimtaka fundi akishapuliza povu la kuzuia joto ukutani, ajifungie na mwenye nyumba adhuhuri ya kwanza. Fundi Lokwang alijaribu kuaga. Mama Akiru akamsogezea kigoda.

"Keti, baba. Kama ni kuiva, tuive wote."

Akaweka sahani ya samli katikati yao. Miaka yote joto la adhuhuri, lenye kuua, liliwakimbiza kwenye handaki la kata, yeye na jirani yake Nangiro, aliyempitia kila siku waende pamoja. Leo alikunywa chai ya moto kwake, shuka mabegani, na samli bado imeganda.

"Jua nimelishinda," alisema, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Jioni alifungua mlango kifua mbele. Upande wa nje ulijaa alama za viganja, na kizingitini palikuwa na kiatu kimoja cha Nangiro. Povu lilizuia na sauti: ndani hawakusikia hata hodi moja.