Turubai la Mtaa

Katibu mpya wa chama cha mtaa alisema turubai kuukuu litupwe. Lijalo lingekuwa dogo, la wanachama waliosajiliwa tu. Bi Mwanahawa akalipapasa taratibu. Zamani, kila aliyehamia mtaani alilishonea kiraka chake: muuza kahawa gunia, mwalimu wa kwaya joho lake, na yeye kipande cha kanga aliyombebea mwanawe mgongoni siku aliyofika, akiwa hamjui mtu.

"Mama, limechakaa," alisema katibu.

"Limechakaa kwa kutusitiri, mwanangu. Harusi zetu, misiba yetu, yote humu humu."

Akaliburuta hadi uwanjani, akafunga kamba ya kwanza peke yake. Mlango wa jirani ukafunguka, kisha mwingine. Mikono ikashika kamba, na turubai likaanza kuinuka, likipepea.