Goti la Selestina

Timu mpya ilipoingia kwenye ligi ya mpira wa magongo, iliruhusiwa kuchukua mchezaji mmoja kutoka kila klabu kongwe, pamoja na mkataba wake. Kila klabu iliruhusiwa kuwakinga wachezaji tisa tu wasichukuliwe. Selestina hakuwamo, alikuwa golikipa mwenye goti bovu na mkataba wa miaka mitatu zaidi.

"Baki na suruali ndefu, dada," meneja wake alimnong'oneza. "Goti lisionekane. Wakikuchukua, tumeutua mzigo."

Selestina alikata uwanja moja kwa moja hadi kwa Wambeti, kocha wa timu mpya, akapandisha suruali, akaifungua bendeji mpaka goti likabaki wazi, limevimba kama boga.

"Kocha, nimeambiwa nilifiche. Mimi sifichi. Ukinichukua, nichukue nalo."

"Na mipira bado unazuia?"

"Piga uone."

Wambeti akaokota gongo, akauweka mpira nyasini. Kando ya uwanja, meneja alijishika kichwa. Selestina akaingia golini vilevile alivyo, akachuchumaa. Goti likalia kama kuni kavu. Akauma meno, macho kwenye mpira, huku upepo ukiiburuta bendeji kuelekea miguuni mwa meneja.