Yasmini Sikioni mwa Baba

Gari lilikuwa limeshaiacha Gafsa nyuma, na mzee bado anawatangazia abiria: "Binti yangu anakwenda Tunisi kuchagua. Daktari wa moyo huyo!"

Binti huyo, Mabruka, alikuwa akipitia orodha ya fani.

Ukumbini huko Tunisi, madaktari vijana waliitwa kwa kufuata matokeo ya mtihani. Aliyeitwa alisimama akataja fani yake mbele ya wote. Mzee alikuwa amechomeka kishada cha yasmini nyuma ya sikio kama bwana harusi.

Mabruka akasimama. "Patholojia."

"Ile ya kupima vinyama vya watu kwa darubini?" mzee akaropoka. "Mwanangu, kama ni nyama, si ungefungua bucha tukala!"

Watu wakaangua kicheko.

"Baba, kinyama cha mama kilingoja msomaji muda gani?"

Mzee akachomoa kishada, akakifumba kiganjani mpaka maua yakageuka kahawia.

Majibu ya mama yalikuwa yamefika baada ya arobaini yake.

Mabruka alirudi Gafsa na fani yake. Miaka ikapita, kikaletwa kinyama cha baba. Alikisoma siku ileile, lakini safari hii mzee ndiye aliyechelewa kusema anaumwa. Amezikwa kando ya mkewe. Mabruka yuko palepale kwenye darubini yake, anasoma.