Paa Lisilopumua

Fundi alivuta tambara, likafuata jingine, kisha likatoka gauni zima la maua, limekunjamana na kunuka ukungu.

"Dada," alimwambia mshonaji aliyesimama nyuma yake, "kumbe paa lako limevaa nguo kwa ndani."

Wenzake walimwita Paka, kwa jinsi alivyotembea juu ya mapaa ya watu. Sasa alikuwa amepiga magoti ndani ya chumba cha darini, mabega yamezama kwenye kimlango cha pembeni, pale paa linaposhuka kukutana na ukuta. Asubuhi hiyo alikuwa ameanza kubandua vigae vya zamani, akakuta mbao zimeoza, nyeusi kama masizi. Akashangaa, maana matundu ya hewa yalikuwepo chini ya ukingo wa paa. Iweje dari itoke jasho?

"Hewa inatakiwa iingie huku chini, ipande nyuma ya dari, itokee kule juu kwenye mgongo wa paa," alisema. "Huku kumezibwa, na kule juu hakujawahi kutobolewa. Nikikuwekea vigae vipya hivi hivi, nitakuwa nimemvika maiti suti."

Mshonaji hakucheka. Macho yake yalikuwa kwenye lile gauni. Alilishona yeye mwenyewe, akalitia mifuko mikubwa, kwa sababu mama mkwe wake hakosi kutembea na miwani na pipi.

Kwa miezi mingi alikuwa ameshona sare za shule humo chumbani huku jasho likidondokea kitambaa. Siku moja joto lilimzidi, akaanguka juu ya cherehani, akazimia. Alipozinduka, mama mkwe alikuwa anampepea, akimwita, "Mwanangu, mwanangu." Kumbe mpepeaji ndiye aliyemzibia pumzi!

Alishuka na gauni mkononi. Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mchele.

"Mama, hili limefikaje darini?"

Mama mkwe alilitazama, akaendelea kuchambua. "Nililitia mimi."

"Kwa nini?"

"Panya."

"Panya, Mama? Na gauni zima? Nimekukosea nini mimi?"

"Hujanikosea kitu, mwanangu. Mwambie fundi ayazibe hayo matundu kama yalivyokuwa. Na hiyo cherehani ishushe, ushonee sebuleni. Si nilikwambia tangu mwanzo huko juu hakukufai?"

Ni kweli, alimwambia. Mama mkwe alipohamia kwao, chumba cha darini kilikuwa chake. Ghafla akalalamikia magoti, akaomba kulala chini. Lakini mshonaji aliposema basi atapandisha cherehani, mama huyo alipinga kutwa nzima. Sasa mshonaji aliona alichodhani ndicho kiini cha yote: wivu. Mashoga zake walimwonya kwamba mama mkwe hawi mama hata umbebe mgongoni, naye akawabishia.

Jioni mumewe aliporudi kazini, alimweleza yote. Alikuwa mwanamume mpole, asiyepandisha sauti. Hata simu zake alizipokelea nje, nyuma ya nyumba, asije akawasumbua wenzake. Paa jipya lilikuwa wazo lake. "Nyumba kwanza, mke wangu, watoto watakuja," alizoea kusema tangu walipooana, na mkewe akakubali kusubiri. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alimgeukia mama yake kwa ukali.

"Mama, huyu ni mke wangu. Kwa nini unamtesa?"

Mama alimkazia macho mwanawe mpaka mwana akatazama pembeni. Midomo ya mama ilifunguka, ikafumba tena.

"Ni uzee," alisema. "Nisameheni."

Mshonaji hakusamehe. Salamu zikawa za shingo upande, kisha zikakatika kabisa. Chai alimtengea bila neno, chakula vivyo hivyo. Vigae vipya vilikuwa havijafika hata nusu ya paa pale mama mkwe alipofunga mzigo wake kwenda kwa binti yake. Mlangoni aliushika mkono wa mshonaji, akaung'ang'ania.

"Mwanangu, ukikaa huko juu kushona, uwe unawasha redio."

Mshonaji aliuchomoa mkono wake. Alirudi ndani kabla gari halijaondoka.

Paka alibadilisha mbao mbovu, akaacha upenyo nyuma ya pamba ya kuzuia joto, akatoboa mgongo wa paa na kuufunika kwa kofia ya kutolea hewa. Matundu ya chini aliyasafisha yote. "Kile kimlango kiache wazi kidogo," aliaga, "unyevu uliobaki ndani ukauke. Paa lako sasa lina mapafu."

Jumamosi alasiri, mshonaji aliketi kwenye cherehani, na upepo ukampitia shingoni. Alifumba macho. Jua lilikuwa kali nje, lakini humo ndani kulikuwa kama chini ya mti. Alivuta pumzi mpaka ikafika tumboni, akamkumbuka mama mkwe kwa uchungu. Raha yote hii, na mtu akaona heri amnyime!

Uzi ukakatika. Alisimamisha cherehani, akainama kutafuta tundu la sindano.

Ndipo sauti ya mumewe ikaingia kupitia kile kimlango, safi, kama vile amesimama chumbani. Alikuwa nyuma ya nyumba, chini ya ukingo wa paa.

"Tulia basi, mpenzi. Mama kaondoka, na hakumwambia kitu," alisema kwa ule upole wake. "Haya, mpe mwanangu simu, nimsikie akiniita baba."